Kitufe Kilichopotea Mbagala

Kwenye kompyuta yangu, Sinza,
ukurasa ulikaa kama bibi harusi kitini:
kichwa cha kijani, tarehe za kliniki,
na kitufe cha chungwa: THIBITISHA.
Nikasema kazi imekwisha. Nikapiga mswaki.

Saa nne usiku akapiga nesi Siwema.
"Kaka Anyelwisye, kina mama hawakioni kitufe.
Wanasugua kioo kwa pindo la kanga
wakidhani ni vumbi."

Asubuhi nikawa Mbagala Kizuiani,
kwenye benchi la zahanati, mimi mwanamume peke yangu.
Simu kumi na moja zikapita mikononi mwangu,
hakuna mbili zilizofanana.

Moja kioo kimepasuka, nyufa zimekutana
palepale penye jina la mtoto.
Moja herufi zimekuzwa kwa ajili ya macho ya bibi,
KLINIKI imekatika: KLI juu, NIKI imeanguka chini.
Moja kivinjari chake ni cha kale,
hakisasishwi, simu imejaa.
"Futa picha kidogo," nikamwambia mwenyewe.
Akanitazama. Zote zilikuwa za marehemu mumewe.

Na kiswaswadu kimoja, cha Mwanamkuu,
kimefungwa raba bendi betri isidondoke:
hicho kilionyesha weupe mtupu,
kama karatasi ya mtu aliyekataa kujibu mtihani.

Bosi akaandika: *Waambie wanunue simu za kisasa.*
Sikumjibu. Ningeanza na yupi?

Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, fundi Kibwana Pazi
alinikodisha simu kuukuu saba, elfu mbili kwa siku,
akanitambulisha kwazo kama mtu anayetambulisha wakwe:
"Huyu mzito kusikia, mguse mara mbili.
Huyu ukimgonga kulia, anaitika kushoto.
Huyu hana neno, ila usimpe picha kubwa, atazimia."

Nikazipanga mezani, umeme ukakatika,
zikabaki zikiwaka zenyewe, kila moja
na toleo lake la ukurasa wangu,
mashahidi saba wa ajali moja.

Ndipo nikaiona kanga ya mama, kwenye kamba ya dirishani.
Pindo, mji, jina.
Haina saizi. Haimuulizi mtu kiuno.
Huyu kajifunga, yule kajitanda,
mwingine kabebea mtoto, na bado ni kanga.
Na mimi, msomi mzima, nilikuwa nimeshona koti
kwa kipimo cha mwili mmoja, mwili wangu,
nikashangaa Mbagala haliwaenei.

Nikafumua.
Nikamtoa daktari anayetabasamu,
tabasamu lake lilikula bando la siku nzima.
Nikaondoa kivuli chini ya herufi,
na herufi zenyewe, zilizokuwa zikisafiri kutoka ng'ambo
huku mtu amesimama na mtoto mwenye homa.
Palipoandikwa *upana ni huu*
nikaandika *upana ni ulio nao*.
Kisha kosa likahamia simu ya tatu.
Nikalifukuza, likarudi ya kwanza.
Usiku wa nne nililia kidogo, nisifiche.

Jumatatu Mwanamkuu alifungua kiswaswadu chake.
Hakuna kijani. Hakuna chungwa.
Maandishi meusi, mstari, na kisanduku cha kijivu
kibaya kama tofali la mchanga mwingi.
Niliona aibu, nikataka kueleza.
Yeye alikwisha bonyeza.

*Umethibitisha. Jumatano, saa mbili asubuhi.*

Akasoma kwa sauti, polepole,
akakaza raba bendi, akaondoka
bila kujua kwamba kulikuwa na rangi.

Jana Siwema kanitumia ujumbe:
*Kuna simu imekuja leo, aina yake siijui,
mwenyewe anasema kaiokota Tandika.
Kitufe kipo, ila kimelala ubavu.*

Natafuta viatu vyangu.